Kifundo cha mguu kinateguka, kinapona, kinateguka tena: barafu, kuchua au mazoezi?

KochaMchangani

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada wa wanaojua, si wa kubahatisha.

Winga wangu, miaka 19, ameteguka kifundo cha mguu wa kulia juzi jioni. Aliruka kupiga kichwa, akatua kwenye ukingo wa shimo, unyayo ukageukia ndani. Upande wa nje umevimba, na leo weusi umeanza kushuka kuelekea vidoleni. Anatembea kwa kuchechemea. Ni mguu uleule ulioteguka mwanzoni mwa msimu. Tulimpumzisha wiki mbili, maumivu yakaisha, akarudi uwanjani, na sasa ndiyo haya.

Nataka kujua kama lazima apigwe picha, maana hospitali ya wilaya ni mbali na nauli ni ya kuchangishana. Pili, wazee wanataka achuliwe kwa maji moto na chumvi, vijana wanasema barafu. Nimsikilize nani? Tatu, kwa nini inarudi? Na kama kuna la kufanya kwa timu nzima mtuambie, ila mjue hatuna gym wala fizio, tuna uwanja wa vumbi na mipira minne.

---

FizioKaskazini

Kocha, anza na mfupa. Ligamenti (ukanda unaoshikanisha mfupa na mfupa) inaweza kusubiri siku mbili, mfupa uliovunjika haupendi kusubiriwa.

Kuna vigezo vinaitwa vya Ottawa, vilitengenezwa Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili watu wasipigwe eksirei bila sababu. Huhitaji kifaa, unahitaji kidole gumba. Bonyeza kwa nguvu ya wastani sehemu nne:

- Jicho la mguu la nje: ukingo wake wa nyuma, kuanzia sentimita 6 juu ya ncha hadi kwenye ncha yenyewe.
- Jicho la mguu la ndani, vivyo hivyo.
- Ukingo wa nje wa mguu, katikati ya kisigino na kidole kidogo. Kuna kinundu cha mfupa pale, utakipapasa.
- Upande wa ndani wa mguu, mbele kidogo na chini ya jicho la ndani, kwenye mfupa unaochomoza juu ya upinde wa unyayo.

Kisha mwambie atembee hatua nne. Kuchechemea kunaruhusiwa, kinachohesabiwa ni kwamba uzito unahama mguu hadi mguu, mara mbili kila upande. Kama aliweza kukanyaga palepale uwanjani au anaweza sasa, na hakuna mfupa unaouma kati ya hiyo minne, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana na nauli mnaweza kuitunza. Mfupa mmoja tu ukiuma, au hatua nne zikimshinda pale uwanjani na zikimshinda tena leo, apigwe picha.

Watu wengi hukosea mahali pa kubonyeza. Wanabonyeza lile bonde laini mbele na chini ya jicho la nje, mchezaji anaruka, wanatangaza kuvunjika. Pale ndipo ilipo ligamenti ya mbele, inayoumia kwanza mguu ukigeukia ndani, na itauma kwa kila aliyeteguka. Wewe tafuta mfupa wa nyuma.

Vigezo hivi usivitumie kwa aliyelewa, kwa mwenye ganzi ya miguu (wagonjwa wa kisukari hasa), kwa mtoto mdogo, wala pale uvimbe unapokuwa mkubwa kiasi cha kutoupata mfupa. Na mguu uliopinda, au vidole vilivyo baridi, vyeupe au vyenye ganzi, hayo hayajadiliwi mtandaoni, ni hospitali sasa hivi.

Ongeza vipimo viwili ambavyo makocha huvisahau. Cha kwanza: alale kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, halafu minya kigimbi katikati. Unyayo lazima ujivute chini. Usipotikisika, kano ya kisigino imekatika hata kama anatembea. Mfungie mguu vidole vikielekea chini na umpeleke hospitali siku hiyo, maana wiki tatu zikipita kazi inakuwa ngumu maradufu. Cha pili: bana mifupa miwili ya ugoko pamoja, katikati ya goti na kifundo. Maumivu yakijitokeza juu kidogo ya kifundo, kwa mbele, basi ulioumia ni ukanda unaoshika mifupa hiyo miwili. Huo una ratiba yake, mara nyingi miezi miwili na zaidi, na unahitaji kuonwa na mtaalamu.

---

BiFizio_Tanga

Nimuunge mkono hapo juu, halafu nije kwa wazee.

Kuchua siku tatu za kwanza: hapana. Ligamenti ikichanika, na vimishipa vya damu vinavyoizunguka vimechanika. Maji moto yanavitanua, kiganja kinachosugua kwa nguvu kinavipasua upya, na kesho yake uvimbe umeongezeka. Uvimbe nao si sura mbaya tu. Kiungo kilichojaa maji huzima misuli inayokizunguka, mchezaji anakuambia "mguu hauna nguvu" na kweli hauna. Na kama pana ufa ambao hamkuugundua, kiganja ndicho kitakachousogeza.

Pabaya zaidi ni paja lililopigwa goti. Likikandwa kwa nguvu mapema, ile damu iliyovilia ndani ya msuli inaweza kugeuka mfupa. Goti linashindwa kukunjika, ukipapasa unakuta kitu kigumu, na inachukua miezi. Hii ipo, tena kwenye mpira na raga si adimu.

Wazee wasivunjiwe heshima, joto lina mahali pake. Baada ya siku nne au tano, uvimbe ukishaacha kuongezeka, kitambaa cha maji ya moto dakika 15 kwenye kigimbi kilichokaza kabla ya mazoezi kinasaidia. Shingo na mgongo uliokaza, vivyo hivyo. Chumvi haiongezi kitu, lakini haidhuru.

Barafu nayo imepewa sifa kuliko kazi yake. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani ndiye aliyeeneza ile kanuni ya pumzika, weka barafu, funga, inua, mwaka 1978. Mwaka 2014 mwenyewe akaandika kwamba barafu na kupumzika kabisa vinaweza kuchelewesha uponaji. Kwa hiyo itumie kutuliza maumivu ili kijana aweze kulala na kusogeza mguu, usitegemee iponye. Ile barafu ya mfuko ya dukani inatosha. Iponde, izungushie kitambaa kibichi, weka dakika 10 hadi 15, toa, subiri angalau saa mbili. Saa 48 za kwanza zinatosha. Usiweke juu ya ngozi tupu, inaunguza kama moto. Na usimgandishe mguu halafu umrudishe uwanjani, maana kifundo chenye ganzi hakijui kimekaaje.

Kinachofanya kazi kubwa kuliko barafu ni bandeji, na wengi hufunga vibaya. Tumia krepu ya upana wa sentimita 7.5 au 10. Unyayo uwe pembe mraba na ugoko, usiwe umelegea chini. Anzia kwenye shina la vidole, zungusha mara mbili, panda kwa umbo la nane kuzunguka kifundo, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, malizia chini ya kigimbi. Ikaze zaidi chini na uilegeze kadiri unavyopanda. Ukianza juu na kukaza pale, maji yote yanakwenda vidoleni. Ukimaliza, bonyeza ukucha wa kidole gumba: weupe urudi kuwa waridi ndani ya sekunde mbili. Kidole kikifa ganzi, fungua. Usiku atoe bandeji, mguu uwe juu ya mto, juu ya usawa wa moyo.

Dawa: parasetamol, gramu 1 kila saa sita kwa mtu mzima mwenye kilo 50 na zaidi, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Diklofenaki na ibuprofeni si pipi. Mwenye vidonda vya tumbo, tatizo la figo au pumu asizitumie bila kuuliza. Na ule mtindo wa kuchomwa sindano ya maumivu saa moja kabla ya fainali, mnaziba kengele huku nyumba inaungua.

---

KochaMchangani

Shukrani sana. Nimefanya vyote. Hakuna mfupa unaouma, hatua nne amepiga, kigimbi nikikiminya unyayo unashuka, ugoko nikiubana hakuna kitu. Bandeji nimeifungua na kuifunga upya, kweli nilikuwa naanzia juu.

Sasa naomba mazoezi kwa mpangilio. Na mnijibu lile la kwa nini inarudi.

---

FizioKaskazini

Inarudi kwa sababu mnapima kupona kwa maumivu. Ndani ya ligamenti kuna vipokezi vya neva vinavyoiambia akili unyayo umeelekea wapi. Ligamenti ikichanika, na hivyo vinaharibika. Misuli ya upande wa nje wa ugoko, ambayo kazi yake ni kuuvuta mguu usigeukie ndani, inapata taarifa kwa kuchelewa. Maumivu yanaisha wiki ya pili, taarifa bado inachelewa, na shimo la uwanjani halisubiri. Kupumzika hakurudishi kitu hicho, mazoezi ya balansi ndiyo yanayokirudisha.

Usifuate kalenda, fuata anachoweza kufanya.

Siku hizi za mwanzo akanyage kadiri anavyovumilia, kisigino kitangulie, vidole vimalizie. Akishindwa kutembea bila kuchechemea sana, apewe gongo, nalo alishike mkono wa upande wa mguu mzima (wengi hulishika upande mbovu). Kila saa akiwa macho, unyayo juu na chini mara 15. Kuugeuzia ndani aache kwanza.

Akishatembea sawasawa, nenda hatua ya pili. Mkunjo kwanza: asimame akitazama ukuta, kidole gumba sentimita 5 kutoka ukutani, apeleke goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Asogeze mguu nyuma kidogokidogo hadi mwisho wa uwezo, upime kwa rula, halafu upime mguu mzima. Zoezi ni lilelile: mara 10, seti 3, kila siku, mpaka tofauti ishuke chini ya sentimita 2. Ukiliruka hili, atakimbia huku unyayo umegeukia nje na goti ndilo litakalolipa.

Nguvu: tafuta tyubu ya baiskeli iliyotoboka, ikate iwe utepe wa kama mita moja na nusu, funga kwenye mguu wa meza. Akae, kitanzi kwenye unyayo, asukume kwenda nje, arudi taratibu kwa kuhesabu tatu. Mara 15, seti 3. Ashike paja kwa mkono, la sivyo atazungusha nyonga yote na kifundo hakitafanya kazi. Kisha kunyanyua visigino: miguu miwili kwanza, baadaye mmoja. Lengo ni mara 20 hadi 25 kwa mguu mmoja bila kupumzika. Simama nyuma yake uangalie. Kisigino kikiegemea nje na uzito ukahamia kidole kidogo, hiyo haihesabiki. Uzito upite kidole gumba na cha pili.

Sasa balansi, na hapa usinibanie muda. Pekupeku, mguu mmoja, sekunde 30, mara 4. Akiweza bila kugusa chini, mrushie mpira audake. Akiweza, afumbe macho. Akiweza, asimame juu ya mkeka uliokunjwa mara nne au kipande cha godoro, na uanze upya: macho wazi, mpira, macho yamefumbwa. Dakika 10 kila siku kwa wiki 6 hadi 8, hata kama ameshaanza kucheza. Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachoachwa na kila mtu.

Kupima maendeleo, chora kwa chaki mistari mitatu kutoka nukta moja: mmoja mbele, miwili nyuma kwa mshazari. Asimame kwenye nukta kwa mguu mmoja, auguse mstari kwa kidole cha mguu mwingine mbali awezavyo, arudi bila kuanguka. Pima kwa futi ya fundi cherehani. Mbele, tofauti kati ya miguu ikizidi sentimita 4, bado.

Kukimbia kunaanza akiweza kurukaruka mguu mmoja mara 10 bila maumivu. Mstari mnyoofu kwanza, kisha umbo la nane kubwa, kisha dogo, kisha kukata kona kwa kasi, kisha na mpira, kisha na beki mbele yake. Kila hatua angalau siku mbili, na kifundo kisiamke kimevimba asubuhi yake. Kikivimba, rudi hatua moja. Arudi kwenye mechi akiruka mbele kwa mguu huo angalau asilimia 90 ya urefu wa ule mzima.

Kwa makadirio tu: aliyeteguka kidogo ni wiki 1 hadi 2, wastani wiki 3 hadi 6, ligamenti iliyokatika kabisa wiki 8 hadi 12. Wa kwako, kwa weusi huo na historia hiyo, usimpange kabla ya wiki ya nne.

---

MisuliKisumu

Wenzangu wamemaliza kifundo, mimi nichukue swali la timu nzima. Hata bila gym, kazi hii inawezekana.

Kuna programu ya kupasha misuli iitwayo FIFA 11+. Ni mazoezi 15, dakika 20: kukimbia kwa namna mbalimbali dakika 8, nguvu na balansi na kuruka dakika 10, kukimbia kwa kasi na kukata kona dakika 2. Ilijaribiwa Norwei msimu wa 2007 kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, majeraha yakapungua karibu theluthi. Mkisema Norwei ni Norwei, ilijaribiwa pia kwa ligi ya vijana Lagos na matokeo yakachapishwa 2014: majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Masharti ni mawili. Angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima, na kocha asimame akiangalia magoti. Mchezaji akitua, goti liwe juu ya vidole, lisiingie ndani. Goti linaloingia ndani ndilo linalokata ligamenti ya msalaba ya mbele, iliyo katikati ya goti (ACL), na hiyo haiponi kwa tyubu ya baiskeli. Siku ya mechi fanyeni sehemu ya kwanza na ya tatu tu, ya nguvu iacheni.

Kule kukaa chini na kuvuta misuli sekunde 30 kabla ya mechi hakuzuii majeraha kama tulivyofundishwa shuleni. Wekeni mwisho wa mazoezi kama mnapenda.

Kitu cha pili ni msuli wa nyuma ya paja. Zoezi linaitwa la Nordiki. Mchezaji apige magoti juu ya mkeka uliokunjwa, mwenzake amkandamize vifundo vyote viwili, mwili unyooke kutoka goti hadi kichwa, ajishushe mbele polepole iwezekanavyo, akishindwa adakwe na mikono yake mwenyewe, ajisukume kurudi. Akikunja nyonga na kutoa makalio nyuma, amedanganya. Ratiba:

Wiki 1: seti 2 za mara 5, siku moja tu.
Wiki 2: seti 2 za mara 6, siku mbili.
Wiki 3: seti 3 za mara 6 hadi 8, siku tatu.
Wiki 4: seti 3 za mara 8 hadi 10, siku tatu.
Wiki 5 hadi 10: seti 3, mara 12, 10 na 8, siku tatu.
Baadaye, mara moja kwa wiki msimu mzima.

Timu zinazolifanya hupunguza majeraha ya msuli huo kwa karibu nusu. Zinazoliacha huliacha wiki ya kwanza, kwa sababu kocha alianza na seti 3 za mara 12, kesho yake hakuna anayeweza kuketi, wachezaji wakaapa hawarudii. Ratiba inaanza kidogo kwa sababu hiyo.

Na kabla ya yote hayo, Kocha, beba koleo. Mashimo ya uwanja yafukiwe kila Jumamosi. Hakuna zoezi la bei rahisi kuliko hilo.

---

KochaMchangani

Koleo lipo, nimekubali. Swali la mwisho: akirudi, afungwe plasta au avae kile kifaa cha kushikilia kifundo kinachokazwa kwa kamba? Na hivyo havimfanyi mguu uzoee na kuwa dhaifu?

---

BiFizio_Tanga

Mguu haudhoofiki, mradi balansi na tyubu vinaendelea. Vyote viwili vinapunguza kuteguka tena, na faida kubwa ni kwa mtu kama wako ambaye ameshateguka.

Plasta ngumu ya michezo, ya sentimita 3.8, inashika vizuri ikifungwa na anayejua, lakini inalegea ndani ya nusu saa ya mchezo, na kila mechi unanunua nyingine. Kifaa cha kamba unanunua mara moja, na kikilegea mapumziko anakaza mwenyewe. Kwa mfuko wa mchangani chukua cha kamba. Ajaribu kwanza pamoja na daluga zake, maana kinakula nafasi na huenda akahitaji namba moja juu. Ndani avae soksi ndefu isiyo na mikunjo, vinginevyo malengelenge yatamtoa nje kabla ya kifundo.

Akivae kila mazoezi na kila mechi kwa miezi 6 hadi mwaka. Nyumbani na njiani asikivae.

Mkikosa vyote viwili, msiigize kwa krepu iliyokazwa ndani ya kiatu. Ile inazuia uvimbe tu, mguu haiushiki, na akikimbia nayo dakika 90 vidole vitakufa ganzi.